Alec Issigonis: Aliyeilaza injini kwa upana na kutuachia kigari chenye raha

Wiki mbili zilizopita tulipozungumzia magari madogo yaliyotumika, simu za studio hazikupumzika. Wengi mliuliza kuhusu bei na ushuru, na hayo tuliyajibu hewani. Lakini msikilizaji mmoja alituma ujumbe wa swali ambalo halikuhusu pesa. Alitaka kujua kwa nini kuna vigari vidogo, vyepesi, visivyo na injini ya kutisha, ambavyo ukivishika usukani unajikuta unatabasamu, wakati gari kubwa la bei mbaya linaweza kukufanya usinzie. Nikamwahidi jibu la maandishi, na jibu lenyewe lina jina la mtu. Anaitwa Alec Issigonis. Amefariki miaka mingi iliyopita, wengi wetu hatujawahi kumsikia, lakini ukifungua boneti ya Vitz, IST, Passo, Fit au Swift utaikuta kazi yake pale.

Hebu fanya hivyo ukipata nafasi. Utaona injini haikulala kwa urefu kutoka mbele kwenda nyuma kama kwenye Land Rover za zamani au pikapu nyingi. Imelala kwa upana, kutoka tairi la kushoto kuelekea la kulia, na nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya mbele. Issigonis hakuwa wa kwanza duniani kujaribu jambo hilo. Ila yeye ndiye aliyelifanya likubalike, kiasi kwamba viwanda vya dunia nzima vikafuata njia hiyo.

Jina lake kamili ni Alexander Arnold Constantine Issigonis. Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 katika mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki. Baba yake, Constantine, alikuwa na asili ya Kigiriki lakini raia wa Uingereza, na alikuwa na karakana ya mitambo ya meli. Mama yake, Hulda Prokopp, alitoka katika familia ya Kijerumani iliyokuwa na kiwanda cha bia mjini humo. Mtoto alikua kati ya mashine, mafundi na lugha kadhaa. Kwa kifupi, alizaliwa kwenye nyumba ya watu wenye nafasi.

Nafasi hiyo haikudumu. Vita ya Ugiriki na Uturuki ilipofika mwisho mwaka 1922, Smyrna ilianguka mikononi mwa Waturuki na sehemu kubwa ya mji ikateketea kwa moto. Kwa kuwa familia ilikuwa na uraia wa Uingereza, jeshi la wanamaji la nchi hiyo liliihamisha hadi kisiwa cha Malta. Karakana ilibaki nyuma, na mali nyingine pia. Baba alikuwa mgonjwa, akafariki huko huko Malta. Alec hakuwa ametimiza hata miaka 17. Yeye na mama yake waliendelea na safari hadi London, wawili peke yao.

Nawaomba mkishike kipande hiki, maana kinaeleza mengi yanayofuata. Mama huyu na mwanawe waliishi pamoja karibu maisha yote yaliyobaki. Alec hakuoa. Hulda ndiye aliyekuwa familia yake hadi alipofariki mwaka 1972, na wakati huo mwanawe alikuwa mzee wa miaka 65.

London, Alec alijiunga na chuo cha ufundi cha Battersea kusomea uhandisi. Hapa wanafunzi mnaohangaika na hesabu mtapata faraja kidogo. Alifeli mtihani wa hesabu mara tatu. Alikuwa hodari wa kuchora, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kalamu za wengine wote, lakini hesabu zilimkataa naye akazikataa. Hata alipokuwa mkubwa na mwenye heshima zake aliendelea kusema kwamba hesabu ni adui wa mtu mbunifu. Mimi sikubaliani naye, na tutaona baadaye kuwa hesabu zilikuja kumdai. Lakini hakuacha. Alitoka chuoni na stashahada, akaanza kazi katika ofisi ndogo ya usanifu mjini London mwaka 1928, mwaka 1934 akahamia kampuni ya Humber, na mwaka 1936 akajiunga na Morris, karibu na mji wa Oxford. Kazi yake kubwa ilikuwa springi na mifumo ya kushikilia magurudumu.

Pembeni ya ajira alikuwa na ugonjwa wa mbio za magari. Yeye na rafiki yake George Dowson walitumia miaka kadhaa kujenga kigari cha mashindano kwa mikono yao, bila mashine za maana. Walikiita Lightweight Special. Kilikuwa chepesi kupita kawaida, na badala ya springi za chuma walitumia raba. Ndani ya kigari hicho cha watu wawili ndimo yalimo mawazo yote mawili yaliyokuja kumpa jina: punguza uzito, na magurudumu yashikwe vizuri. Injini kubwa haikuwa na umuhimu kwake.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaendelea, kiwanda cha Morris kilimruhusu kufikiria gari la wakati wa amani. Gari hilo likatoka mwaka 1948 kwa jina la Morris Minor. Wazee wanaosoma makala hii wanalijua. Liliuzwa hadi huku kwetu Afrika Mashariki, likaendeshwa na walimu, makarani na wauguzi. Umbo lake ni la mviringo, kama mkate wa kuumuka. Kuna kisa chake kimoja. Mfano wa kwanza ulipokuwa tayari, Issigonis aliutazama akaona gari ni jembamba, halipendezi. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zisogezwe mbali kidogo kidogo hadi jicho lake liridhike. Ziliposogea inchi 4, akasema basi. Kiwanda kikalazimika kubadili vyuma ambavyo vilishaanza kutengenezwa, na bampa za kwanza zikaungwa na kipande katikati. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda gari lile hata kidogo, akalidharau hadharani. Lakini ndilo lililokuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja.

Mwaka 1952 kampuni za Morris na Austin ziliungana na kuwa BMC. Issigonis akaondoka, akaenda kampuni ya Alvis kubuni gari kubwa la kifahari ambalo halikuwahi kuingia sokoni. Mwisho wa mwaka 1955 mkuu wa BMC, Leonard Lord, alimwita arudi.

Kisha ikaja Suez. Mwaka 1956 Misri ilitaifisha mfereji huo, Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaishambulia Misri, na mfereji ukafungwa. Mafuta yaliyopita pale kwenda Ulaya yakakatika. Mwezi Desemba mwaka huo Waingereza walianza kugawiwa petroli kwa kuponi. Watu wakageukia vigari vya Kijerumani na Kiitaliano vyenye injini za pikipiki, vingine vina magurudumu matatu, umbo kama yai. Leonard Lord alivichukia. Mwanzoni mwa mwaka 1957 alimwita Issigonis akampa amri: tengeneza gari dogo la kweli, la watu wanne, linalokunywa mafuta kidogo, litakalovifuta vigari vile barabarani. Sharti lilikuwa moja, atumie injini ambayo kiwanda tayari kinaitengeneza, kwa sababu pesa na muda wa kubuni nyingine havikuwepo.

Tatizo lilikuwa hapo. Issigonis alitaka gari la urefu wa futi 10 tu, yaani mita 3 na sentimita kama 5. Kati ya urefu huo alitaka asilimia 80 iwe ya watu na mizigo yao. Injini aliyoambiwa atumie ilikuwa na silinda nne. Ukiilaza kwa urefu, ukaweka na giaboksi nyuma yake kama ilivyokuwa desturi, imeshakula nusu ya gari. Ukiigeuza ikae kwa upana, injini inaingia, lakini giaboksi inakosa pa kukaa.

Alichofanya ni kuiweka giaboksi chini ya injini, ndani ya lile bakuli la oili. Oili moja ikalainisha injini na gia kwa pamoja. Mafundi wanaosoma hapa najua mmekunja uso, na mna haki. Oili ya injini na oili ya gia zina kazi tofauti. Lakini kwa njia hiyo aliokoa nafasi kubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kudhani inawezekana.

Akaendelea kubana. Magurudumu aliyataka ya rimu ya inchi 10, madogo kama ya toroli, ikabidi kampuni ya Dunlop itengeneze matairi mapya kwa ajili yake. Akayasukuma hadi kwenye pembe nne kabisa za gari, bila pua ndefu mbele wala mkia nyuma. Springi za chuma zingemla nafasi, hivyo rafiki yake Alex Moulton akambunia springi za raba zenye umbo la koni. Milango haikuwa na vioo vya kuteremka. Vioo vilisukumwa pembeni kama dirisha la duka, na nafasi iliyobaki ndani ya mlango ikawa mfuko mkubwa wa kuwekea vitu. Inasimuliwa kuwa aliupima mfuko huo ili uingize chupa ya kinywaji alichokipenda.

Timu yake ilikuwa ya watu wachache sana. Alichora kwa mkono kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, akawakabidhi wahandisi kama Jack Daniels, wao ndio wakageuza michoro kuwa vipimo na hesabu. Kabla mwaka 1957 haujaisha magari ya majaribio yalikuwa barabarani usiku, yamepakwa rangi ya machungwa. Julai 1958 Leonard Lord aliliendesha kwa dakika chache tu kuzunguka kiwanda, akashuka, akaagiza liwe tayari ndani ya mwaka mmoja. Katika majaribio lilikuwa na kasi hata wakaona ni hatari kwa dereva wa kawaida, wakaipunguza injini hadi sisi 848.

Tarehe 26 Agosti 1959 gari likatangazwa kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor. Watu wakachukua neno moja tu: Mini. Bei ya chini, pamoja na kodi, ilikuwa karibu pauni 497.

Sasa, wale mnaodhani kitu kizuri huanza kizuri, sikilizeni. Wateja wa kwanza walipata gari linaloingiza maji. Vipande vya sakafu vilikuwa vimeunganishwa vibaya, hivyo maji ya barabarani yalisukumwa ndani badala ya kumwagika nje, na mazulia yakaloa chapachapa. Wakati wa maandalizi injini ilikuwa imegeuzwa, na ule upande wa distributa na nyaya za plagi ukawa unatazama mbele kwenye matundu ya hewa. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapiga moja kwa moja, gari linazima. Yote yalirekebishwa, lakini baada ya gari kuwa mikononi mwa watu waliolilipia.

Watu wa kawaida, wale ambao Issigonis aliwalenga, mwanzoni walisita. Waliona gari dogo mno, la ajabu ajabu. Walioanza kulikimbilia ni vijana wa mjini, wasanii, wenye pesa zao. Baadaye hata wanamuziki wa Beatles walikuwa na Mini. Likawa gari ambalo tajiri na karani wanalipaki jirani bila mmoja kumwonea aibu mwenzake.

Hapa ndipo raha ya barabarani inapoingia, na ndipo linapokuja lile swali la msikilizaji wetu.

John Cooper alikuwa mtengenezaji wa magari ya mashindano. Magari yake yalichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, dereva akiwa Jack Brabham. Cooper na Issigonis walifahamiana tangu zamani kwenye mashindano. Mwaka 1959 Cooper aliendesha Mini kutoka Uingereza hadi Monza, Italia, kwenye mbio, na njiani akagundua kitu. Gari lile halikuwa na nguvu, lakini kwenye kona halikushikika. Uzito wake ulikuwa kilo 600 na kitu. Magurudumu yalikuwa pembeni kabisa, injini imekaa juu ya matairi yanayovuta, raba badala ya springi laini za kuyumba. Ukikata usukani kidogo, gari limeshageuka.

Anayeendesha bodaboda atanielewa haraka. Pikipiki ile ile ukiwa peke yako inaruka kama swala, ukipakia abiria wawili na gunia la mkaa inakuwa punda. Injini haijabadilika. Kilichobadilika ni uzito na mahali uzito ulipo. Ndiyo maana kigari chepesi chenye nguvu za farasi 55 kinaweza kukupa raha kuliko gari la tani mbili lenye nguvu mara tatu, hasa kwenye barabara ya kona na milima.

Cooper akamwendea Issigonis na wazo: tuliongezee nguvu, tulifungie breki za diski mbele, tuliuze kama gari la mbio la mtu wa kawaida. Issigonis hakulipenda wazo hilo. Yeye alikuwa amejenga gari la muuguzi na fundi seremala, wala hakutaka ligeuke mchezo. Inashangaza, kwa mtu aliyetumia ujana wake kujenga gari la mbio kwa mikono. Cooper akampita, akaenda kwa bosi, George Harriman. Harriman alikuwa na wasiwasi kama yatauzika hata 1,000, lakini akakubali, na Cooper akapewa pauni 2 kwa kila gari.

Mini Cooper ikatoka mwaka 1961, sisi 997, nguvu za farasi 55. Mwaka 1963 ikafuata Cooper S yenye nguvu zaidi. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk akaingia nayo mashindano ya Monte Carlo, kwenye milima ya theluji, dhidi ya magari makubwa yenye injini kubwa mara kadhaa, akashinda. Mwaka 1965 akashinda Timo Mäkinen. Mwaka 1966 Mini tatu zilimaliza nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha waamuzi wakazifuta kwa hoja ya taa za mbele, jambo lililozua kelele Ulaya nzima. Mwaka 1967 Rauno Aaltonen akarudi na kushinda tena. Magari 1,000 ambayo Harriman alihofia hayatauzika yakawa zaidi ya laki moja.

Kila kampuni ya Ulaya na Japani ilikuwa inatazama. Wataliano, wakiongozwa na Dante Giacosa wa Fiat, walichukua wazo la kuilaza injini kwa upana lakini wakaitoa giaboksi kwenye bakuli la oili na kuiweka pembeni, mwisho wa injini. Hiyo ikawa rahisi kutengeneza na oili zikatengana. Ukweli usemwe, gari lako la leo linafuata mpangilio wa Giacosa zaidi kuliko wa Issigonis. Wengine wakaongeza mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mwaka 1976 Volkswagen wakatoa Golf GTI, na ule ukoo wa vigari vya milango mitatu au mitano vyenye injini iliyochangamka ukawa umesimama rasmi.

Kwa anayetafuta kigari cha namna hiyo kilichotumika, awe anawinda Swift Sport, Vitz RS au Mini yenyewe ya zama za karibuni, maisha ya mzee huyu yanakupa orodha ya vitu vya kukagua. Magurudumu ya mbele yanavuta na yanakata kona kwa wakati mmoja, kwa hiyo viungo vya ekseli za mbele vinachoka kwanza. Peleka gari uwanjani, kata usukani mpaka mwisho, ondoka taratibu, sikiliza. Ukisikia tiki-tiki-tiki, punguza bei au ondoka. Tazama matairi ya mbele kama yameliwa upande mmoja. Injini ikiwa imebanwa kwa upana kwenye nafasi ndogo, joto linakuwa adui, hivyo angalia rejeta, feni na rangi ya maji. Muulize fundi wako inachukua muda gani kufikia kitu kidogo kama plagi au beliti, maana kuna vigari vya raha ambavyo kila kazi ndogo inataka kushusha nusu ya gari. Na gari lililokuwa la mtu anayependa mbio limekimbizwa. Klachi na gia ya pili zitakusimulia, usitegemee maneno ya muuzaji.

Ukiipata Mini ya zamani yenyewe, kumbuka ile oili moja ya injini na gia. Wanaozijua huibadilisha kila baada ya kilomita kama 5,000, hawachelewi. Na kutu: chini ya milango, na kwenye fremu ya nyuma inayoshika magurudumu. Bati linaweza kung'aa juu, chini pameisha.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1961 alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa BMC. Mwaka 1962 alitoa gari kubwa kidogo, la 1100, lililofuata mpangilio ule ule na kuongoza mauzo ya Uingereza kwa miaka mingi. Alikuwa amefika juu, na huko juu tabia zake zikaonekana vizuri zaidi. Hakutaka kuuliza wateja wanataka nini. Aliamini mbunifu ndiye anayejua. Aliona siti ngumu ni nzuri kwa sababu dereva hasinzii. Kuhusu usalama, aliamini gari likiwa na breki na usukani mzuri, anayegonga amejitakia. Sisi tunaosoma taarifa za ajali kila asubuhi tunajua mambo hayako hivyo. Unaweza kuwa makini na bado ukagongwa na mwingine. Tena hakupenda redio ndani ya gari! Alisema inamtoa dereva kwenye kazi yake. Hapo mimi na mzee Issigonis hatuwezi kupatana.

Na zile hesabu alizozidharau zikaja kudai. Mini ilikuwa na kazi nyingi ya mikono, na iliuzwa bei ya chini mno. Wahandisi wa Ford walinunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakapiga mahesabu, wakahitimisha kuwa BMC inapoteza kama pauni 30 kwa kila gari. BMC walibisha. Lakini bila ubishi, faida ilikuwa ndogo sana kwa gari lililouzwa kwa wingi namna ile. Faida ndogo maana yake ni kukosa pesa za kubuni gari litakalofuata na za kununua mitambo mipya. Gari lake kubwa la mwaka 1964, Austin 1800, lilikuwa na nafasi kama sebule lakini wanunuzi hawakujaa. Mwaka 1968 BMC iliyochoka ikaunganishwa na Leyland. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ilibidi iichukue kampuni nzima isife. Maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vile walipoteza ajira katika miaka iliyofuata. Si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo huo wote. Mabosi ndio waliopanga bei, na migogoro kiwandani ilikuwa mingi. Lakini ukinunua kitu chini ya gharama ya kukitengeneza, kuna mtu mahali fulani anayelipia tofauti, na safari hii alikuwa mfanyakazi wa Birmingham na Oxford.

Wakubwa wapya wa Leyland hawakumtaka Issigonis kwenye usukani. Walimsogeza kwenye utafiti. Mwaka 1969 alipewa cheo cha heshima cha Sir, na miaka miwili kabla alikuwa amechaguliwa kujiunga na Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza, yeye aliyefeli hesabu mara tatu. Pamoja na heshima hizo, kazi aliyoipenda ilikufa mezani. Alikuwa amebuni mrithi wa Mini, mradi ulioitwa 9X: mfupi zaidi kwa nje, wenye nafasi zaidi ndani, injini mpya nyepesi, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kwa maneno mengine, gari ambalo dunia nzima ilikuja kulitaka miaka michache baadaye. Kampuni haikuwa na pesa, wala hamu. 9X haikuwahi kuuzwa.

Alistaafu mwaka 1971. Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba Meccano, yale masanduku ya vyuma vidogo na skrubu ambayo watoto hujengea mashine, tena seti kubwa kuliko zote. Wakampa. Mwaka mmoja baadaye mama yake akafariki. Aliendelea kuishi nyumbani kwake Edgbaston, Birmingham, akiwa mshauri wa kampuni kwa miaka mingi, akijaribu injini zake, ikiwemo Mini ya mvuke na nyingine isiyo na giaboksi. Miguu na afya vikamwacha taratibu, wahandisi wakawa wanampelekea kazi nyumbani. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1988, akiwa na miaka 81.

Mini ikaendelea kutengenezwa bila yeye. Mwaka 1994 kampuni ikanunuliwa na BMW ya Ujerumani, na mkuu wa BMW wakati huo, Bernd Pischetsrieder, alikuwa ndugu wa ukoo wa Issigonis kwa upande wa mama, kutoka ile familia ya Wajerumani wa Smyrna. Mwaka 1999, jopo la waandishi wa magari lilipopigia kura gari la karne, Mini ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Ford Model T. Mini ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani Longbridge tarehe 4 Oktoba 2000, Cooper nyekundu, ikiwa imetimiza magari 5,387,862. John Cooper alifariki Desemba mwaka huo huo. Ile nyekundu ya mwisho na moja ya Mini za kwanza kabisa za mwaka 1959 sasa zimo kwenye makumbusho ya magari ya Gaydon, katikati ya Uingereza. Ile 9X iliyonyimwa soko nayo imehifadhiwa pale pale.